Mwali na Jiwe la Magaga

Kwetu msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa, akaitwa mwali, na siku ya kutolewa nje watu walipiga ngoma wakala pilau. Mimi niliwekwa ndani kama wenzangu na nikatolewa kama wenzangu, ila inaelekea habari ya kutoka sikuielewa vizuri. Pilau ilipokwisha nilirudi ndani. Nikamaliza kidato cha nne, nikarudi ndani. Nikaolewa na mtu wa safari, mimi mtu wa redio na mto wa kuegemea, tukaachana kwa wema kwa sababu tulikuwa hatukutani. Nikarudi ndani. Sasa nywele zinaingia mvi na dada yangu wa Zinga bado akipiga simu huuliza, "Mwali hajambo?"

Nyumba ninayokaa ni ya wazazi wetu, iko kati ya Mbegani na mji, ukiiacha barabara na kushuka upande wa mikoko. Baba aliijenga kwa kuegemea ukuta wa kale aliokuta umesimama pale peke yake. Alikuwa mtu wa hesabu, baba. Ukuta umesimama bure, ununue mwingine wa nini? Ulikuwa mnene kiasi kwamba juu yake ungeweza kutandika mkeka mtu akalala, wa mawe ya matumbawe na chokaa, na hakuna aliyejua ni wa nani. Wazee walisema tu "wa watu wa zamani," kama vile sisi ni watu wa kesho. Baba akaupiga lipu ya simenti, akamwaga simenti sakafuni, akaezeka bati juu yake, na hilo ndilo likawa jiko letu.

Kwenye ukuta huo palikuwa na daka, kile kishubaka cha ukutani cha kuwekea vitu. Mimi niliweka chumvi, kibiriti, bizari na dawa ya mbu. Na sakafuni, karibu na mlango wa uani, palikuwa na jiwe la mviringo, pana kama sinia la watu wawili, juu yake linakwaruza kama ulimi wa paka. Baba alipokuwa akimwaga sakafu alijaribu kuling'oa akashindwa, akaliacha. Mama alifurahi. Likawa jiwe la magaga. Ukitoka shamba au matopeni unamwaga maji, unasimama, unasugua visigino mpaka vinakuwa laini kama vya bibi harusi. Ukoo mzima umesugulia pale.

Tatizo lilikuwa ukuta umeota kitambi. Kila masika ulikuwa ukinywa maji, unafura, lipu inapasuka, na kitambi kinasogea ndani ya jiko kidogo kidogo, hata ikawa nikipika ukuta umenikaribia kama mtu anayetaka kuonja. Mwaka huu dada alikuja, akautazama, akaweka mkono kiunoni.

"Nisikilize, we mwali. Masika yakifika ukuta huu uko hivi hivi, nakuja kukuchukua. Chumba cha nyuma kipo tupu."

Chumba cha nyuma cha dada nakijua. Dada ana moyo mkubwa, na kila alicho nacho kiko barabarani: duka liko barabarani, baraza iko barabarani, televisheni inaelekea barabarani na sauti yake pia. Wajukuu wanapita juu yako ukiwa umelala. Kuna wateja wanaoingia mpaka chumbani kuuliza kama mkate umebaki. Ningekaa kule juma moja, la pili ningeokotwa naongea na kuku.

Basi nikamwita fundi. Tukakubaliana: auvunje ukuta wote, apandishe wa matofali, arudishe bati, mvua inikute nimejifungia. Siku ya kwanza akaezua bati la jikoni. Siku ya pili akashika nyundo na patasi, akaanza na lipu. Lipu ya baba ilibanduka vipande vikubwa vikubwa, kama chapati iliyoungua. Nilikuwa ndani nikikuna nazi nikasikia kugonga kumenyamaza.

"Mama," aliita. "Hebu njoo uone."

"Nyoka?"

"Afadhali angekuwa nyoka."

Nilitoka na mbuzi ya nazi mkononi. Lipu ilikuwa imeanguka kulizunguka daka langu, na daka langu halikuwa tena tundu la kuwekea chumvi. Lilikuwa limevaa tao juu yake, tao la jiwe jeupe lililochongwa mistari ndani ya mistari, laini, limenyanyuka katikati likachongoka kama kitunguu. Fundi alikuwa ameshuka ngazi na kuvua kofia.

"Hii ni mihrabu," alisema. "Mimi nyundo yangu naiweka chini."

"Ni daka hilo. Naweka chumvi."

"Unaweka chumvi kwenye mihrabu, mama?"

"Mihrabu gani ya kufika kiunoni? Imamu angesimama humo au angechuchumaa?"

"Sehemu iliyobaki imezama ardhini. Upande wenyewe ni wa kibla, huoni?" Na kweli ukuta ule uko kaskazini, ndiko tunakoelekea tukiswali. Fundi alikusanya vifaa vyake taratibu, kama mtu anayetoka msibani, akapiga picha na simu yake, akaondoka. Bati langu akaliacha limelala chini ya mpapai.

Picha ilifika kwa watu kabla fundi hajafika kwake. Wa kwanza kuingia alikuwa bi jirani, tuliyetenganishwa naye na ua wa makuti tu, mwanamke aliyenifunda mimi mwenyewe na ambaye tangu siku zile hajaacha kunifunda. Alikuja na chetezo cha ubani, chupa ya marashi na kitambaa cheupe.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Vua ndala, mwanangu."

"Bi, hapa ni jikoni kwangu."

"Palikuwa. Vua ndala."

Akalitazama tao, akalia kidogo, kisha macho yakashuka sakafuni yakaliona jiwe la mviringo. Akalifunika kwa kile kitambaa cheupe akalimwagia marashi.

"Bi, hilo ni la magaga."

"Astaghfirullahi! Funga mdomo wako."

"Wallahi, bi. Hata wewe umeshasugulia hapo, siku ya arobaini ya mama, ulipotoka..."

"Mimi?" alisema. "Mimi sina magaga." Na mjadala ukafungwa.

Imamu naye alikuja, akatazama kwa adabu, akasema Mungu ndiye ajuaye, na akashauri watu wa mambo ya kale waitwe. Wakamtuma binti mmoja mwenye kofia pana na futi ya kukunja, mpole, anayeamkia kila mtu mpaka mbuzi. Alipiga picha, akapima, akazungusha utepe wa rangi kutoka mlangoni mpaka kwenye mpapai, akasema atarudi na vifaa.

"Mpaka nirudi, mama, jiwe hata moja lisiguswe."

"Na bati langu? Mvua inakuja."

"Bati lisirudishwe kwanza. Ndilo linaloukandamiza ukuta."

"Na kuvunja je? Nilikuwa navunja nijenge."

Alinitazama kama niliyesema namvunja mama yake. "Haiwezekani, mama. Hata kuuza eneo kwa sasa haiwezekani. Na ingekuwa vizuri pawe na mtu wakati wote, kuna watu huchomoa mawe kama haya wakaenda kuyauza."

Maisha yangu yote nimesubiri serikali iniamuru nikae nyumbani. Ilipokuja kuniamuru, haikuwa tamu hata kidogo.

Maana fikiria ilivyokuwa. Jiko halina paa. Ukuta una kitambi na haruhusiwi mtu kuugusa. Watu wanakuja. Kwanza wa mtaani, halafu wa mjini, halafu watu walioshuka kwenye bajaji na kuniuliza mimi kama mwenyewe yupo. Walikaa kwenye mkeka wangu. Nilikatazwa kukaanga kitunguu kwa sababu ya harufu, nikakatazwa kuchoma samaki kwa sababu ya moshi, ingawa ubani wa bi jirani ulikuwa ukifuka kama tanuri la chokaa na hakuna aliyekohoa ila mimi. Nilichemsha muhogo ukumbini nikala kwa chumvi, na chumvi yenyewe niliihamishia chini ya kitanda, imehukumiwa.

Na bafu langu liko ng'ambo ya jiko. Kila mtu ajenge anavyojenga, lakini baba hakufikiria kwamba siku moja bintiye atataka kwenda kuoga na njiani pamekaa wanawake kumi wanasoma dua. Kuna mchana mmoja nilisimama nyuma ya pazia, ndoo mkononi, nikisubiri mama mmoja wa mjini amalize kuunong'onezea ukuta habari za mume wake. Habari zilikuwa ndefu. Mume alikuwa na mambo. Nilijua mambo ya ndoa ile kuliko nilivyowahi kujua ya kwangu, na ndoo ikazidi kuwa nzito, na sikuweza kukohoa, maana ningemkatiza, wala kupita, maana ningemkanyaga.

Siku ya pili yake nikatamani kutoka. Nasema hivi kwa sababu dada hataamini akiambiwa. Nilitamani kwenda pwani Mbegani kununua samaki mwenyewe, kwa miguu yangu, niulize bei, nibishane. Nikavaa baibui, nikachukua kikapu, nikafika getini.

"Unakwenda wapi?" Sauti ya bi jirani ilitoka jikoni kwangu.

"Kununua samaki."

"Tuma mtu. Nani atakaa na ukuta?"

"Si wewe upo, bi?"

"Mimi ni mgeni hapa," alisema, ameegemea mto wangu.

Nilirudi nikaketi kitandani na baibui langu. Mlango ule ulikuwa wazi miaka yote na mimi sikuuona. Nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba siupendi. Siku ile niliutazama mpaka adhana ya alasiri. Kukaa ndani kwa kupenda kumbe kulikuwa na raha moja kubwa niliyokuwa naila bila kujua, nayo ni kwamba ungeweza kuondoka.

Jioni dada akapiga simu. Huko Zinga mawingu yamefunga, alisema, na yanaelekea kwetu.

"Ukuta umejengwa?"

"Umefungwa utepe."

"Utepe! Utepe utazuia nini? Mdogo wangu, usinitanie. Nikisikia tone la kwanza kwenye bati langu, nakuja. Funga nguo zako."

Nikafunga nguo. Fuko moja, halikujaa.

Binti wa mambo ya kale alirudi asubuhi iliyofuata, na mwiko mdogo na brashi na ungo wa kuchekechea. Aliomba ruhusa avunje kipande cha sakafu ya baba chini ya tao, aone mihrabu inashuka mpaka wapi. Wanawake wakasogea. Bi jirani akashika tasbihi. Simenti ikatoka, chini yake kifusi, chini ya kifusi udongo mweusi wenye maji, ukinuka kama mtungi uliosahauliwa. Binti akachimba shimo la mraba, nadhifu kama kaburi la paka. Kisha akaacha kuchimba. Akatoka nje, akazunguka nyuma ya ukuta, akapapasa mgongo wake, akarudi.

"Mihrabu haimo," alisema.

"Imezama," alisema bi jirani.

"Haikuzama, bibi. Tao linaishia pale pale kiunoni. Na mihrabu za msikiti wa zamani hutokeza nyuma ya ukuta, nje, kama mgongo wa kobe. Huku nyuma ni bapa. Halafu tazameni hiki." Akaelekeza brashi shimoni. Chini ya daka palikuwa na mfereji wa jiwe, umechongwa kwa uangalifu uleule wa tao, unapita kando ya ukuta kwenda upande wa jiwe la mviringo. "Mihrabu haiwi na mfereji wa maji machafu."

Mtu mmoja akavaa ndala zake polepole.

Binti akakaa ukingoni mwa shimo akatueleza, na nikiri alieleza vizuri, kama anayesimulia habari za watu aliokula nao. Palikuwa na kijiji hapa, alisema, karne nyingi nyuma, kabla Mjerumani hajaota kuja, na kilikuwa na msikiti wake, mdogo, wa wakulima na wavuvi. Matumbawe waliyakata baharini yakiwa bado hai, maana yakiwa na maji hukatika kama muhogo. Wakachonga tao haraka, kisha jua likayakausha yakawa magumu kama tunavyoyaona. Mengine wakayachoma kupata chokaa ya kujengea. Na pembeni ya msikiti walijenga mahali pa kutawadhia: kisima, birika, daka la kuweka taa na kata ya kutekea, na mfereji wa kutolea maji.

"Mama," akanigeukia, akanyanyua kwa vidole viwili kile kitambaa cheupe chenye marashi. "Hili jiwe nyinyi mnalitumiaje?"

"Halitumiwi," alisema bi jirani. "Linaheshimiwa."

"Tunasugulia magaga," nikasema.

Binti alicheka mpaka kofia ikamdondokea shimoni. "Ndiyo kazi yake!" alisema. "Ndiyo kazi yake, mama! Mtu alitoka shamba, akateka maji, akapanda hapo, akasugua miguu, ndipo akaingia kuswali. Mmekuwa mnalitumia vile vile mpaka leo."

Sikuthubutu kumtazama bi jirani. Yeye ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya mtu anayejikusanya. "Basi msikiti wenyewe uko wapi?"

Binti akaufuata ukuta, akainama kwenye ua wa makuti, akapenya upande wa pili, sisi sote nyuma yake. Akapima kwa futi, akapiga hatua, akasimama. "Kama uko, kichwa chake, penye mihrabu, kitakuwa hapa," alisema, akaweka mkono juu ya banda la kuku la bi jirani.

"Kuku wangu!"

"Ndiyo maana kicheche hawagusi, bi," nikasema. "Wanalindwa." Alikuwa akiutazama utepe uliobaki mkononi mwa binti.

Nikadhani basi, nimefunguliwa. Nikauliza lini fundi arudi. Binti akatikisa kichwa, akaniita kando. Mahali pa kutawadhia napo ni pa kale, alisema. Ukuta utabaki. Lakini haukuwa mgonjwa. Sakafu ya baba ndiyo iliyouziba mfereji, na kila masika maji yalikosa pa kwenda yakapanda ndani ya mawe. Tukiuacha mfereji wazi, lipu ya simenti ikaondolewa yote, ukuta utakauka na utasimama. Wao watakuja kuutia chokaa, si simenti. Ila bati lisiegemee tena pale.

"Kwa hiyo jiko langu?"

"Jiko lako, mama," alisema taratibu, "halipo."

"Na akikosea, ukuta ukaanguka?" aliuliza bi jirani kutoka nyuma ya ua, eti hakuwa akisikiliza.

"Hautaanguka, nadhani," alisema binti.

Nadhani. Nililala na neno hilo.

Asubuhi yake mvua ilishuka baada ya kunywa chai. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Dada alifika katikati yake kwa bodaboda, ameloa mpaka kitambulisho, matope magotini, mwavuli umegeuka. Hakusalimu.

"Fuko liko wapi?"

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Ukuangukie?"

"Dada, ngoja tuone."

Tukasimama mlangoni mwa ukumbi, yeye ameshika fuko langu, mimi nimeshika upande mwingine wa fuko. Jikoni maji yalikuwa yakijaa. Yalifunika shimo la binti, yakafunika kile kipande cha sakafu, yakaanza kupanda ukutani kama ninavyoyajua miaka yote, na kitambi cha ukuta kikabadilika rangi kikawa cheusi. Kipande cha chokaa kikadondoka. Dada akavuta fuko. Nami nilikuwa nimeliachia, kweli nilikuwa nimeliachia.

Ndipo maji yakamezwa. Tulisikia sauti yake, kama mtu mwenye kiu anayemaliza kata. Yakazunguka, yakateremka mferejini, yakapita kando ya ukuta, yakatoka nje upande wa mikoko yakiwa na majani ya mpapai na punje za ubani. Mvua iliendelea kumwaga na jiko likaendelea kumeza. Ukuta ulisimama pale pale, uchi, na tao lake limeoshwa.

Dada akaweka fuko chini, akaingia mvuani vile vile, akainua utepe akapita chini yake, akapanda juu ya jiwe akaanza kusugua matope ya miguu, kisigino hiki, kisigino hiki, akishika ukuta kwa mkono mmoja kama alivyokuwa akishika alipokuwa msichana. Nikataka kumwambia hairuhusiwi kuugusa.

"Haya," alisema. "Na utapikia wapi?"

Hilo ndilo nililokuwa nimelikimbia. Nyumba yetu ina vyumba viwili, ukumbi, na baraza ya mbele. Baraza iko njiani. Kila anayekwenda kisimani, dukani, msikitini, anapita pale. Sijawahi kukaa hapo hata kuchambua mchele.

Mvua ilipopungua nililitoa jiko la mkaa, nikaliweka barazani, nikawasha, nikapepea. Moshi ukapanda. Dada akaketi kwenye mkeka akisubiri chai, ananitazama na kujifanya hanitazami. Kichwa cha bi jirani kikatokeza juu ya ua wa makuti, nyuma yake utepe mpya unapepea kwenye banda la kuku. Aliniona. Akaniangalia mimi, akaliangalia jiko, akaiangalia njia, kisha akaweka mkono mdomoni akapiga vigelegele mpaka watu wakachungulia milangoni.

"Jamani, mwali katoka!"

Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama, wakacheka, wakabisha hodi. Chai ilikuwa haijachemka, na sikuwa na mlango wa kufunga.

"Karibuni," nikasema.